Namna ya Kumtoa Ng'ombe Kabatini

Fungua kabati lako la nguo, lakini leo usitafute cha kuvaa. Tafuta wanyama. Mkanda mweusi unaoning'inia kwenye msumari ni ng'ombe. Viatu vya harusini ni ng'ombe kwa nje, na kwa ndani, pale kisigino kinapolala, bitana yake huenda ni ngozi ya mbuzi au ya nguruwe. Tai ya hariri ni viwavi wapatao mia moja waliochemshwa. Sweta la mtumba ni kondoo. Koti zito ulilonunua kwa ajili ya msiba wa Njombe limejazwa manyoya ya bata. Hata vifungo vya shati la zamani la babu, vile vinavyobadilika rangi ukivigeuza juani, ni ganda la chaza. Ukimaliza kuhesabu utakuta una zizi, banda na kipande cha bahari nyuma ya mlango mmoja, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa. Mwongozo huu ni wa kuwatoa humo, bila wewe kubaki uchi na bila kugombana na ukoo.

Anza na agizo jepesi kuliko yote: usinunue kitu. Miongozo mingi ya namna hii imeandikwa na watu wa nchi za baridi. Vegan Society, chama cha watu waliokataa kutumia chochote kitokacho kwa mnyama, kilianzishwa Uingereza Novemba 1944 na Donald Watson na wenzake, katika nchi ambayo mtu hatoki nje mwezi wa kwanza bila kujifunika kondoo. Wale walikuwa na kazi nzito. Sisi tumezaliwa tukiwa tumeshafika nusu ya safari. Sanduku la bibi lina nini? Kanga, kikoi, msuli, kaniki, kitenge, kanzu ya pamba, kofia ya viua iliyodariziwa kwa uzi wa pamba. Yote hayo yameota shambani.

Na si mambo ya jana. Wachimbaji wa magofu ya Kilwa wamekuta vipande vya udongo vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea uzi wa pamba. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa pale na kupelekwa hadi Misri. Karne ya 19 ikaja merikani, pamba ngumu isiyotiwa rangi iliyoshushwa na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na baada yake kanga. Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, alianza biashara yake ya kanga Mombasa mwaka 1887, na jina hilo bado linasomeka pembeni mwa leso nyingi. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba kuvaa mimea ni ugeni ulioletwa na watalii, mwonyeshe kanga aliyobebewa mgongoni akiwa mchanga.

Kuna swali moja tu la kuuliza upande huu, nalo ni la batiki. Nta inayozuia rangi kwenye batiki nyingi ni parafini ya mishumaa, lakini wapo mafundi wanaochanganya na nta ya nyuki ili isivunjike ovyo kitambaa kinapokunjwa. Nta yenyewe hutolewa kwa maji ya moto kabla ya kuuzwa, haibaki mwilini mwako. Mimi huuliza hata hivyo, na huchagua ya mishumaa, kwa sababu fundi akiulizwa mara nyingi hujua kwamba kuna mteja anayejali.

Hatua ya pili inahitaji kiberiti. Nchi yetu imejaa vitambaa vyenye majina makubwa kuliko nyuzi zake, na lebo za dukani haziaminiki. Nimemshuhudia fundi cherehani mmoja Ilala akipokea kitambaa cha sherehe kutoka kwa msichana aliyehakikishiwa dukani kwamba ni hariri tupu. Fundi hakubishana naye. Alichomoa uzi mmoja ukingoni kwa ncha ya pini, akaubana kwa kibanio, akausogezea moto. Uzi ulijikunja ukiukimbia moto, ukadondosha tone jeusi ambalo lilipopoa lilikuwa gumu, halipondeki hata kwa ukucha. "Mwanangu, hii plastiki," alisema. "Na umelipa bei ya hariri."

Hivyo ndivyo polista inavyojitangaza. Pamba na kitani huwaka moja kwa moja, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Sufu na hariri husitasita kushika moto, hunuka nywele zilizoungua kwa kuwa zote ni protini, na majivu yake meusi husagika ukiyabonyeza kwa vidole. Kitambaa cha mchanganyiko hutoa dalili mbili kwa pamoja. Kama unaogopa moto, loweka uzi kwa saa kadhaa kwenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, bila kuizimua: wa pamba utaukuta, wa sufu au hariri utayeyuka. Ukiwa na elimu hii huhitaji kumwamini muuzaji yeyote wa Kariakoo wala wa Biashara Street.

Kwa nini tuiache hariri, kitu kizuri namna ile? Kwa sababu ya jinsi inavyopatikana. Kiwavi wa hariri hula majani ya mforosadi mpaka anenepe, kisha hujifungia ndani ya kifukofuko alichokisuka kwa uzi mmoja usiokatika, wenye urefu wa mamia ya mita. Akiachwa atoke akiwa nondo, atautoboa uzi na thamani yake itashuka. Kwa hiyo vifukofuko huchemshwa au hupigwa mvuke vikiwa na mwenyewe ndani. Ratili moja ya hariri ghafi hutaka vifukofuko karibu 3,000. Nondo huyo amefugwa maelfu ya miaka kiasi kwamba leo hawezi hata kuruka. Wanaume wa Kiislamu jambo hili wameshasaidiwa, hariri wamekatazwa tangu zama za Mtume. Akina mama wameruhusiwa, na kwao hili ni ombi tu: satini nzuri ya pamba inang'aa, inapokea jasho, na inafuliwa nyumbani.

Sufu watu huitetea kwa kusema kondoo hafi kwa kunyolewa. Ni kweli, siku ile hafi. Lakini kondoo aina ya Merino alizalishwa awe na mikunjo mingi ya ngozi ili atoe sufu nyingi, na mikunjo ya karibu na mkia hukusanya mkojo na kinyesi. Nzi hutaga humo, na mabuu hula nyama ya mnyama angali hai. Tangu miaka ya 1930 wafugaji wa Australia wamekuwa wakizuia hilo kwa kumkata mwanakondoo vipande vya ngozi kuzunguka mkia ili kovu lisiote sufu. New Zealand ilipiga marufuku ukataji huo mwaka 2018. Australia, inayoongoza duniani kwa sufu laini, bado inauruhusu. Na kondoo akizeeka, sufu ikapungua, safari yake ni ya machinjioni kama wengine.

Walio Makete, Lushoto, Limuru au Nyahururu watauliza wavae nini mwezi wa saba. Joto hutunzwa na hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, kwa hiyo vaa tabaka: flana ya pamba mwilini, shati zito la pamba juu yake, na mwisho koti lisilopitisha upepo. Koti la kujazwa libonyeze kabla hujalipa. Ukichomwa na kijiti chembamba kinachopenya kitambaa, hicho ni kikonyo cha unyoya, mrudishie muuzaji. La nyuzi za polista linabonyea sawasawa na halichomi, na likilowa bado linatunza joto, jambo ambalo manyoya ya bata hayawezi. Ubaya wa polista ni kwamba kila ikifuliwa hutoa vijinyuzi vinavyoishia mtoni na baharini, kwa hiyo ianike juani mara nyingi na uifue mara chache. Na kama una mtoto anayetetemeka na kilichopo ni sweta la mtumba la sufu, mvalishe. Mtoto kwanza. Huu ni mwongozo wa kupunguza mateso, na mtoto naye ni kiumbe.

Sasa tushuke miguuni, maana vita yenyewe iko huko.

Ukienda kuchagua viatu vya mtumba Karume, Gikomba au Kongowea, jifunze kusoma michoro. Viatu vilivyouzwa kwanza Ulaya vina alama ndogo zilizowekwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1994, kwenye ulimi, ndani ya kiatu au chini ya soli. Ziko katika mistari mitatu: sehemu ya juu, bitana, soli. Mchoro wa ngozi iliyotandazwa, yenye miguu minne na shingo, maana yake ni ngozi. Ngozi hiyohiyo ikiwa na almasi ndogo katikati ni ngozi iliyopakwa plastiki, bado ni ngozi. Wavu wa miraba ni kitambaa. Almasi tupu ni kitu kingine, yaani mpira au plastiki. Wewe unataka wavu na almasi katika mistari yote mitatu. Usiridhike na mstari wa kwanza, kwa sababu viatu vingine vya kitambaa vimewekewa ngozi ya nguruwe ndani, laini, ya bei nafuu, nawe Mwislamu huenda umekuwa ukiikanyaga bila kujua.

Alama zikiwa zimefutika, tazama pale kiatu kilipokatwa. Ngozi huonyesha nyuzinyuzi zilizoshikamana bila mpangilio. Ya bandia huonyesha utando mwembamba laini, na chini yake kitambaa kilichofumwa. Au msubiri muuzaji. Akishaona unasitasita, atawasha kiberiti cha gesi na kukipitisha juu ya kiatu ili kukuthibitishia kwamba ni ngozi halisi. Mshukuru kwa dhati, maana amekufanyia kazi yako, kisha nenda meza inayofuata.

Ya bandia nayo isikuteke haraka. Viatu vingi vinavyouzwa kama ngozi bandia vimepakwa poliyurethani, na poliyurethani haipatani na hali ya hewa ya Pwani. Joto na unyevunyevu huvunja mnyororo wake wa kemikali hata kiatu kikiwa kimelala ndani ya boksi. Unakitunza kwa harusi, unakitoa kinang'aa, ukifika ukumbini unaacha magamba meusi sakafuni kutoka mlangoni hadi meza kuu. Kinachonikera zaidi ni makampuni yanayochukua kiatu hichohicho, kukipa jina la kijani na kukiuza mara tano ya bei yake. Ipo teknolojia ya kweli inayojaribiwa: Carmen Hijosa alibuni Piñatex kutokana na majani ya mananasi ya Ufilipino, Mexico wametengeneza nyingine kwa mpungate, na Bolt Threads ya Marekani ilitengeneza ya uyoga kabla ya kuisimamisha mwaka 2023. Nazifuatilia kwa matumaini. Lakini usiweke akiba ukizisubiri, kwa sababu kiatu unachokihitaji kinaweza kushonwa leo hapo njia panda.

Mtafute fundi viatu, si wa kung'arisha, wa kushona. Mwambie unataka kiatu cha turubai. Wangu aliniangalia kwa huruma. "Dada, turubai hili la kufunikia lori?" Nikamwambia hilohilo, fundi, jeusi, tabaka mbili. Alinisimamisha juu ya kipande cha boksi la sabuni, akachora mguu kwa kalamu ya risasi, kwanza wa kushoto, kisha wa kulia, akisema kwamba mguu wa kulia wa binadamu ni mwongo, kila mara hudai ni sawa na mwenzake. Soli alikata kwenye tairi la pikipiki. Alishona pembeni kwa msharasi na uzi wa nailoni, akavuta kila mshono mpaka uzi ukalia. Ndani aliweka sponji iliyovishwa kitambaa cha jinzi. Kiatu kile kinapita ofisini, kinapita kanisani, kikichafuka kinapigwa brashi na maji ya sabuni. Mguu hautoki jasho la mvuke kama kwenye plastiki, kwa sababu turubai la pamba linapumua.

Usiyadharau ya asili. Katambuga, ambazo Kenya huziita akala, ni tairi juu na tairi chini, zimefungwa kwa misumari midogo, na Wamasai wanatembea nazo umbali ambao viatu vya dukani vingeomba kupumzishwa. Mitawanda ya mbao, yenye msuruaki wa kushika kati ya vidole, ilikuwa kiatu cha heshima cha nyumbani Pwani nzima, na seremala yeyote wa Lamu au Unguja akiombwa atachonga. Makubazi ni mazuri lakini ni ngozi, yaache. Kandambili zivae mpaka ziishe, kisha usizitupe ufukweni: wale waliounda jahazi la Flipflopi Lamu walilivika kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa, likashushwa majini mwaka 2018.

Kwenye hili la tairi, nakuambia ukweli wote. Mpira wa tairi hutiwa asidi ya steariki ili uive sawasawa, na asidi hiyo mara nyingi hutokana na mafuta ya ng'ombe. Kwa hiyo hata katambuga ina chembe ya mnyama, kama ilivyo daladala unayopanda. Anayetaka usafi kamili atabaki nyumbani, miguu mitupu. Tairi lililokwisha kazi barabarani limeshakuwepo, hakuna ng'ombe atakayechinjwa ili ulivae. Vaa kwa amani.

Hapo ndipo mtu wa mezani kwako atakapodakia: "Basi hata ngozi ni hivyohivyo. Ng'ombe kashachinjwa kwa ajili ya nyama, ngozi itupwe?" Jibu lake lipo, na liko karibu. Mtazame punda. Kwa karne nyingi punda wa Afrika Mashariki alibeba maji na kuni, ngozi yake haikuwa na bei. Kisha wafanyabiashara wa China wakaihitaji kwa kutengenezea ejiao, dawa inayopikwa kutokana na ngozi hiyo. Kuanzia mwaka 2016 Kenya ikawa na machinjio yenye leseni ya kuchinja punda, na mara punda wakaanza kuibwa usiku, wanawake wakaamka asubuhi wakakuta kamba. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Bei ya ngozi ndiyo iliyoshika kisu. Kwa ng'ombe, ngozi ni sehemu ya hesabu ya mchinjaji, na kila shilingi unayoiongeza pale inalainisha hesabu hiyo. Kwa mamba na kicheche wa manyoya ndiyo hesabu karibu yote.

Na neno "asili" linalopambwa kwenye mikoba ya ngozi linahitaji kuangaliwa. Ngozi ya asili huoza. Ili isioze ni lazima iive kwa dawa, na sehemu kubwa ya ngozi duniani huivishwa kwa chumvi za kromiamu. Hazaribagh, mtaa wa viwanda vya ngozi jijini Dhaka, Bangladesh, uliichafua mito kwa miongo kadhaa kabla ya viwanda hivyo kuhamishiwa Savar mwaka 2017, na waliokuwa wakisimama ndani ya maji yale bila viatu ni watu maskini. Anayewahurumia wanyama asiwasahau.

Mkanda ni rahisi. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 ilifika hai 62, na kutokana na hiyo nchi ikaja kuongoza duniani, ikizalisha tani zipatazo 230,000 mwaka 1964. Nchi yenye historia hiyo haina sababu ya kumfunga mtu suruali kwa ng'ombe. Peleka bizimu ya mkanda wako uliochakaa kwa fundi, akushonee utepe wa mkonge uliovishwa turubai, au utepe wa pamba kama ule wa mikanda ya skauti. Mkoba wa ukindu wa Pemba na Tanga hauna kasoro. Kiondo cha Kenya kikague mpini, mara nyingi ni ngozi; mama anayesuka ukimwagiza mapema atakusukia mpini wa mkonge huohuo. Na jinzi mpya huenda ina kiraka cha ngozi kiunoni, nyuma, kisicho na kazi yoyote ila kutangaza jina. Kifumue kwa wembe.

Suti inahitaji tahadhari kubwa kuliko inavyoonekana. Ile ya bei kali ni sufu, kifuani imewekewa kanvasi yenye nywele za farasi ili isimame, kola ina sufu iliyoshindiliwa, vifungo ni pembe. Njia ya kutokea ilishapatikana miaka mingi na fundi wako anaijua kwa jina: Kaunda suti. Haina tai, haihitaji kanvasi ya farasi, inashonwa kwa pamba au kwa mchanganyiko wa polista na viskosi inayotokana na miti, na inakubalika msibani na benki. Kenneth Kaunda mwenyewe, rais wa kwanza wa Zambia, aliacha nyama nyekundu miaka ya 1950, kupinga mabucha ya walowezi yaliyowahudumia Waafrika kupitia kidirisha. Alitembea na leso nyeupe ya kitambaa mkononi, ilhali viongozi wenzake wengi walishika usinga. Sijui mwanasiasa aliyetuachia vazi bora zaidi kwa shughuli hii. Hata mahakama zimeweza: mwaka 2011 Jaji Mkuu Willy Mutunga aliwaondolea majaji wa Kenya nywele za bandia, zile zinazotengenezwa kwa singa za farasi, na hukumu zikaendelea kutolewa.

Sherehe za Pwani zina mitego yake. Joho na bushuti za kale ni sufu, zile za thamani ni manyoya ya ngamia au mbuzi, na kilemba cha Kioman hufungwa kwa shali ya sufu ya Kashmir. Bahati nzuri majoho mengi ya kukodi siku hizi ni polista. Bwana harusi, kilemba agiza cha pamba, kitakukaa vizuri zaidi katika joto la ukumbi. Jambia ndilo la kuulizwa kwa makini. Miaka ya 1970, fedha zilipoongezeka Yemen, mipini ya jambia ya pembe za kifaru ilinunuliwa kwa wingi, na vifaru wa nchi zetu waliangushwa ili kiuno cha mtu mmoja kipendeze. Chagua mpini wa mbao. Yaliyowezekana kwa pembe za ndovu yanawezekana kwa mengine: bangili za pembe zilikuwa fahari ya mabibi, kisha Julai 1989 Kenya ikachoma tani 12 za pembe hadharani, biashara yake ikapigwa marufuku kimataifa mwaka huohuo, na mwaka 2016 zikachomwa tani 105 katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Leo hakuna bibi harusi anayeziomba.

Yatabaki mambo ya ukoo. Shangazi atarudi kutoka Muscat na mzigo, atakuita mbele ya wageni. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu. Njoo uone nilichokuchagulia, ngozi tupu, pesa ziliniuma." Usikatae pale. Pokea kwa mikono miwili, ushukuru, chai inyweke. Wageni wakishaondoka, kaa naye jikoni umwambie taratibu kwa nini umeacha, na umwambie ungependa nini: mtandio wa pamba, mafuta ya udi hata. Safari ijayo mpigie kabla hajapanda ndege. Shangazi anayeulizwa ushauri huwa wakili wako kwa ukoo mzima.

Na vile ulivyo navyo tayari, viatu na mkanda ulivyonunua kabla hujafikiri haya? Kuvitupa hakumrudishi ng'ombe zizini. Vivae mpaka viishe, au mpe mtu ambaye angenunua vipya. Usivitupe jalalani, maana kromiamu itaingia ardhini.

Ombi langu la mwisho ni kwa wakuu wa shule. Kila Januari fomu za kujiunga huwatuma wazazi kutafuta viatu vyeusi vya ngozi, na mzazi asiye na uwezo huishia na vya bandia vinavyobanduka kabla ya Pasaka. Futeni maneno mawili hayo, "vya ngozi", muandike "imara". Turubai jeusi lenye soli ya tairi linatosha, fundi yupo nje ya geti lenu, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mguu wake haukuvaa mnyama.